Kuku Hulalia Mayai Siku 21, Mkopo Unadaiwa Siku 14

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, ndiyo mkija kunirushia mawe kwa komenti mpate nishajirushia la kwanza.

Mwaka jana nilifanya ile video. Unaijua. Kijana na simu anamwendea mama kibandani, anajifanya mteja, anauliza bei mara mbili, halafu anatoa noti tano za elfu moja. Mama analia. Piano inaingia. Nilifanyia hapa nyumbani Muthetheni, na mama mwenyewe alikuwa anauza mayai na kuku wa kienyeji kando ya soko. Ile video ilienda mbali kuliko kitu kingine chochote nishawahi kuweka. Watu wa Nairobi, wa Mombasa, hadi wasee wako Qatar wananiandikia, "Mungu akubariki, kijana."

Miezi miwili baadaye nikapita pale. Kibanda kimefungwa kwa kamba.

Nikauliza majirani, nikaelekezwa kwake. Nilimpata akiosha nguo za watu. Hakunikasirikia, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alinipa kiti, akanihesabia elfu tano yangu ilienda wapi. Elfu mbili ililipa mkopo wa simu uliokuwa umefika siku yenyewe nilipokuja na kamera. Elfu moja mia tano ilimrudisha mtoto shule. Iliyobaki, elfu moja mia tano, alinunua kuku watatu wa kutaga.

Akaongeza mkopo mwingine wa simu wa siku 14, anunue chakula cha kuku na chanjo ya kideri. Kuku wawili wakaanza kulalia mayai. Sasa hesabu na mimi. Kuku hulalia mayai siku 21. Hiyo haipunguzwi na seminari wala maombi. Siku ya 14 ikafika, meseji zikaanza kuingia kwa simu. Aliogopa jina lake liharibike, asikopeshwe tena siku mtoto akiugua.

"Mwanangu," akaniambia, "niliuza kuku na mayai yangali moto."

Nimefikiria hiyo sentensi miezi mingi. Na nimefika mahali pa kusema hivi: hii nchi haijakataa kuwapa kina mama pesa. Tumewapa pesa zenye haraka kuliko biashara zao.

Angalia Hustler Fund, maana kila mtu huongea juu yake kama ni malaika ama ni shetani. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi ulipangwa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, ulipwe kwa siku 14. Asilimia 5 ya kile umekopa inawekwa kwa akiba yako. Kwa hivyo mama akiomba 5,000, anashika 4,750. Riba ya hizo siku 14 ni kama shilingi 15 tu. Rudia: shilingi kumi na tano. Haifiki hata bei ya yai moja.

Kwa hivyo msiniambie shida ni riba. Hiyo ya Hustler ni ya huruma ukilinganisha na M-Shwari, ambayo ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Shida ni kalenda.

Siku 14 zinamfaa nani? Mtu anayenunua nyanya asubuhi na kumaliza kuuza jioni. Muuza chapati. Mtu wa mitumba kwenye kona yenye watu wengi. Hawa pesa yao huzunguka kila siku, na sikatai, kuna kina mama wengi mjini ambao huo mkopo umewasaidia. Lakini toka mjini uje huku Mwala. Biashara za mama wa huku ni zipi? Ni kuku, ambaye kutoka kifaranga hadi auzike ni miezi mitano au sita. Ni ndengu, zinazokaa shambani miezi miwili hadi mitatu, na hiyo ni kama mvua imeheshimu miadi. Ni mbuzi. Ni kiondo, ambacho mama anakisuka usiku baada ya kazi zingine zote, na kikiisha anangoja mnunuzi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kulipa kwa wiki mbili.

Kwa hivyo mama afanye nini? Anakopa hapa alipe pale. Anafuliza alipe mkopo, anakopa mkopo alipe fuliza. Kwa karatasi anaonekana mkopaji mzuri sana, analipa kwa wakati, hata kikomo chake kinaongezwa. Kwa ukweli anauza kuku na mayai yangali moto.

Hii maneno najua kwa sababu ya mama yangu pia. Wengi mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Huwa nafanya mzaha nalo kwa video, ati shule iliniacha. Ukweli ni kwamba niliishiwa na karo. Na karo ilikuwa inatoka wapi? Kwa ndengu. Huku Ukambani tunategemea sana mvua ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu zinavunwa Januari na Februari, wakati kila mtu anavuna, na wakati shule zinafunguliwa. Kwa hivyo kila Januari mama alikuwa anaita broka, broka anakuja na mizani yake, anataja bei, na mama anakubali. Miezi michache baadaye bei inapanda, na ndengu zetu ziko kwa stoo ya mtu mwingine Nairobi. Mama alikuwa anajua hivyo vizuri kabisa. Hakuhitaji mtu aje kumfundisha. Alihitaji kungoja, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na barua ya karo.

Si ati nabuni. Kuna utafiti ulifanywa na wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno, ndiyo wasilazimike kuuza siku ambayo bei iko chini. Waliopata walihifadhi mahindi, wakauza baadaye, wakaingiza pesa zaidi. Hawakupewa mbegu mpya wala somo. Walinunuliwa muda.

Na kuna mwingine wa Kolkata, India, uliochapishwa mwaka 2013. Huo uliwahusu wanawake wenye biashara ndogo. Kundi moja lilianza kulipa mkopo baada ya wiki mbili, kama kawaida. Kundi lingine lilipewa miezi miwili ya kupumua kwanza. Mkopo ni ule ule. Miaka karibu mitatu baadaye, waliopewa muda walikuwa na biashara zenye faida kubwa zaidi, maana mwanzoni waliweka pesa nyingi kwa biashara badala ya kuificha chini ya godoro wakingoja siku ya malipo.

Sasa nisikuuzie mbuzi kwa gunia. Katika huo utafiti wa India, wale waliopewa muda pia ndio walishindwa kulipa kwa wingi zaidi. Wengine walithubutu, ikakataa. Hiyo ndiyo sababu wakopeshaji wanapenda siku chache: mama asiyethubutu kitu hulipa vizuri. Basi tuulizane kwa uwazi. Lengo letu ni mkopo urudi haraka, ama ni biashara ikue? Kama ni ya kwanza, siku 14 ziko sawa, ila tuache kuziita kuinua wanawake.

Na msiseme haiwezekani kwa serikali. Uwezo Fund, iliyozinduliwa mwaka 2013 kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, iliwekewa miezi sita kabla ya kuanza kulipa. Miezi sita! Huo ni muda wa kifaranga kuwa kuku. Kuna mtu aliyekaa ofisini akafikiria kuku. Shida ya hizi hazina za vikundi ni zile fomu, cheti cha kusajiliwa, akaunti ya benki, nenda leo rudi kesho. Mkopo wa simu unakuja kwa dakika moja ila hauna subira. Mkopo wa kikundi una subira ila kuufikia ni safari. Mama amekwama katikati.

Ilhali sisi Wakamba tulikuwa tumejua hii kitu kitambo. Susu zetu walikuwa na mwethya: leo tunachimba matuta ya kuzuia udongo kwa shamba lako, kesho kwa langu. Vile vilima vya Machakos mnavyopiga picha mkienda nyumbani Desemba vilikatwa matuta kwa mikono ya vikundi kama hivyo, na wengi wao walikuwa wanawake. Mtu akikupa siku yake ya jembe, hakuji wiki mbili baadaye kudai mahindi. Anajua mahindi bado hayajaota.

Sasa nije kwa suluhu, maana sipendi watu wa kulalamika tu.

Kwa wakopeshaji, wa serikali na wa binafsi: muulizeni mtu anauza nini kabla ya kumwekea tarehe. Simu inajua mambo mengi sana juu yetu. Haiwezi kushindwa kuweka swali moja: kuku, nyanya, ndengu ama nguo?

Kwa wale wa miradi na semina za soda na mkate: acheni kutuhesabia ni kina mama wangapi mmewafikia. Rudini baada ya mwaka mmoja mtuambie vibanda vingapi bado viko wazi.

Kwa sisi vijana, na hapa najiongelesha kwanza. Kama unatumia mama pesa, muulize msimu wake. Elfu tatu mwezi wa Oktoba kabla ya mvua, ama Januari asiuze ndengu kwa hasara, inaweza kufanya kazi kuliko elfu kumi ya Krismasi. Ukinunua kwa kibanda cha mama wa mtaa, lipa saa hiyo. Ile "nitakutumia jioni" yako ni mkopo, wewe ndiye unayekopeshwa na mtu maskini kukuliko, tena bila riba. Na kama wewe ni mtu wa kontenti kama mimi, kabla uwashe kamera jiulize kama utarudi pale siku hakuna cha kurekodi.

Mimi nilirudi. Bila simu. Yule mama yuko kwa chama cha wanawake kumi na wawili, wanakutana, wanaweka pesa mezani, wanakopeshana. Niliwaomba nilete kile nilichotengeneza kwa ile video, kiingie kwa mfuko wao, lakini sheria waweke wao. Wakakaa, wakabishana mchana mzima kwa Kikamba cha haraka hadi nikapotea. Wakaamua hivi: mkopo wa kuku unaanza kulipwa mwezi wa sita. Mkopo wa ndengu unalipwa ndengu zikiuzwa, si zikivunwa. Mkopo wa mboga unalipwa kila wiki kama kawaida, maana mboga haina sababu. Hawakuhitaji mtu wa chuo kuwaandikia hiyo. Ni bahati, maana hata mimi sikumaliza.

Imefanya kazi? Bado ni mapema. Mmoja alipoteza kuku karibu wote kwa kideri, na chama kikamwongezea muda. Mwingine amelipa kabla ya wakati na anaringa vibaya. Yule mama wangu wa video alifungua kibanda tena mwezi uliopita. Nilipopita alikuwa na trei mbili za mayai na nikauliza kama anauza zote.

Akasema hapana, kumi na mawili yako nyumbani, yamelaliwa. Yana siku kumi na sita.

Kwa hivyo kabla uandike komenti yako, pigia mama simu. Muulize biashara yake huchukua siku ngapi kurudisha pesa. Halafu muulize deni lake linadaiwa lini. Niandikie hizo namba mbili hapa chini, tuziangalie pamoja.