SHA haina chama, na foleni ya hospitali haiulizi ulimpigia nani kura

Mwezi uliopita binamu yangu, muuza mitumba pale Gikomba, aligongwa na bodaboda akavunjika mguu. Alikuwa amejisajili na SHA kwa simu, ile *147#, akajua mambo yako sawa. Alipofika hospitalini akaambiwa kujisajili si kulipa. Mtambo ulikuwa umemkadiria Sh610 kwa mwezi, na ili bima ianze kufanya kazi alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mpigo. Sh7,320. Huyu ni mtu ambaye siku mbaya anarudi nyumbani na mia mbili mfukoni.

Tukaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kumchangia. Saa moja baadaye nilihesabu: waliotuma pesa ni wanne, ujumbe ni zaidi ya sitini. Anko mmoja aliandika, "Hiyo SHA ni haramu, korti ilisema." Anko mwingine akamjibu, "Korti ya Rufaa iliwanyamazisha. Nyinyi kazi yenu ni kupinga tu." Wakaendelea hivyo hadi usiku. Binamu yangu yuko kwenye hiyo grupu. Alikuwa anawasoma akiwa kitandani.

Tuanze na ukweli wenyewe, maana maanko wote wawili walikuwa na nusu nusu yake.

Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii Oktoba 19, 2023, pamoja na sheria nyingine za afya. NHIF, iliyokuwepo tangu 1966, ikapangiwa kuzikwa. Kesi zikafuata mara moja. Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria tatu kati ya hizo zinakiuka Katiba, kwa sababu Bunge halikuwashirikisha wananchi inavyofaa. Lakini hawakuzitupa jalalani siku hiyo. Walilipa Bunge siku 120 lirudi kwa wananchi, liwaelimishe, liwasikize, lirekebishe makosa.

Anko wa kwanza, umeona? Korti haikusema bima ya afya kwa wote ni kitu kibaya. Kipengele cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya. Kilichokosolewa ni namna sheria ilivyopikwa.

Serikali haikurudi kwa wananchi. Ilikata rufaa. Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi ule, na Oktoba 1 SHA ikaanza kazi nchi nzima. Anko wa pili, hapo na wewe sikiza: kusimamisha uamuzi wakati rufaa inasubiri kusikizwa si sawa na kusema sheria iko sawa. Ni kama refa kusema mechi iendelee huku bao likichunguzwa.

Sasa kinachonikera ni hiki. Wakati sheria hii inatiwa saini, Azimio ilikuwa upinzani na Rigathi Gachagua alikuwa naibu rais. Julai 11, 2024, siku moja tu kabla ya uamuzi wa Mahakama Kuu, Rais alivunja Baraza la Mawaziri kwa sababu ya maandamano yetu. Wiki chache baadaye viongozi wa ODM wakaapishwa kuwa mawaziri. Oktoba, mwezi ule ule SHA ilipoanza, Gachagua akatimuliwa, na leo yuko upinzani akiikashifu serikali aliyoiunda. Wafuasi nao wakahama na wakubwa wao. Jana mtu alikuwa anasema 2.75% ni wizi, leo anasema tuipe serikali muda. Mwingine alikuwa anasema wapinzani ni waongo, leo ndiye anaongoza kwaya ya "SHA haifanyi kazi".

Sheria haikubadilika hata koma. Kilichobadilika ni nani amekalia kiti gani.

Kwa hivyo nikimsikia mwanasiasa akisema SHA ni halali au si halali, mimi siulizi yuko mrengo gani. Nauliza alikuwa anasema nini Oktoba 2023.

Wapo wanaosema hili suala la kushirikisha umma ni mchezo wa mawakili, eti mgonjwa hatibiwi na vikao vya kukusanya maoni. Wanaongeza kwamba walioenda kortini walikuwa wanalinda ulaji wa NHIF. Ni kweli NHIF haikuwa malaika. Kashfa zake tunazijua, na mfumo wa kuwaweka Wakenya wote kwenye bima moja ni wazo ninaloliunga mkono. Tena kuna waliopata nafuu. Kijana aliyeajiriwa kwa mshahara wa Sh20,000 alikuwa anakatwa Sh750 na NHIF. Kwa asilimia 2.75 anakatwa Sh550. Anayepata Sh100,000 alikuwa anakatwa Sh1,700, sasa ni Sh2,750. Mwenye nacho anachangia zaidi. Mimi naona hiyo ni haki.

Lakini rudi Gikomba. Chini ya NHIF, asiyeajiriwa alikuwa analipa Sh500 kwa mwezi. Chini ya SHA kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, inasikika poa, ila kanuni zinamtaka asiye na payslip alipe ya mwaka mzima mbele. Hata huyo wa kiwango cha chini anahitaji Sh3,600 mkononi kwa siku moja. Aliyeajiriwa anakatwa kidogo kidogo kila mwezi. Asiye na mshahara, ambaye hajui kesho itakuwaje, ndiye anaambiwa atoe yote leo.

Hili lingejulikana kwa dakika mbili kama mtu angeshuka sokoni na kuuliza. Mama mboga angekwambia, mtu wa mjengo angekwambia, binamu yangu angekwambia: sisi tunakula kwa siku, hatuwezi kulipa kwa mwaka. Baadaye serikali yenyewe ilikuja na Lipa SHA Pole Pole, mpango wa mkopo wa kulipia hiyo bima. Yaani tatizo lilionekana, lakini dawa yake ikawa kumpa maskini deni ili alipie hospitali ambayo hata hajaugua kwenda. Hiki ndicho majaji walikuwa wanakizungumzia waliposema wananchi hawakusikizwa. Kipengele cha 10 na cha 118 si mapambo ya Katiba. Vikirukwa, anayelipa ni mtu aliyesimama mbele ya dirisha la malipo akiwa ameshika mguu.

Na kuna maswali mengine ambayo yangeulizwa mapema. Machi 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu Nancy Gathungu alifichua kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wa Sh104.8 bilioni, si mali ya serikali. Mwananchi mmoja mkaidi kwenye kikao cha maoni angeuliza tu, "Hii mashine ni ya nani?" Angetusaidia sana.

Sitawalaumu wabunge peke yao. Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, hadi kwa lugha ya ishara. Lakini mswada wa SHA ulipita bungeni miezi minane kabla ya hapo na wengi wetu hatukujua. Mimi nilikuwa TikTok. Nilijua SHIF ni nini siku niliyoona makato.

Kwa hivyo vijana wenzangu, tusisubiri tena kesi wala maandamano. Bunge huweka matangazo ya kukusanya maoni magazetini na kwenye tovuti yake, na maoni unaweza kuyatuma kwa barua pepe ukiwa kwenye matatu. Mbunge wako akija mtaani kwa harambee au mazishi, awe wa serikali au wa upinzani, muulize swali moja: utaleta lini marekebisho ili asiyeajiriwa alipe SHA kwa mwezi, au hata kwa wiki, kwa M-Pesa? Asipojibu, mwandikie jina lake mahali. 2027 si mbali.

Binamu yangu alitoka hospitalini baada ya siku tisa. Pesa nyingi zilitoka kwa wachuuzi wenzake wa Gikomba, ambao hakuna hata mmoja aliyeuliza kama SHA ni halali. Maanko wangu wawili bado hawajatuma kitu. Nimewaandikia kwenye grupu jana kwamba deni limebaki Sh4,000, na namba ya kutumia ni ile ile.