Sindano za kujaza uso si kazi ya saluni



Naomba nafasi katika gazeti hili ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu mtindo uliozuka mijini wa kudungwa sindano za kujaza uso, ambazo wengi wanaziita fila.

Mimi ni muuguzi mstaafu, wala sina nia ya kuingilia urembo wa watu. Lakini mwaka jana binti wa kaka yangu alikwenda katika saluni moja ili pua yake iinuliwe. Alipolalamika kuwa inauma mno, aliambiwa avumilie. Aliponifikia siku ya tatu, ngozi ya ncha ya pua ilikuwa nyeusi kama iliyoungua. "Shangazi, walisema ni vitamini tu," aliniambia huku analia. Kovu analo hadi leo.

Ningependa wananchi wenzangu waelewe kilichotokea. Weka kidole kwenye ukingo wa taya, mbele kidogo ya msuli wa kutafunia, utasikia mshipa wa damu unadunda. Hiyo ndiyo ateri ya uso. Hupita karibu na pembe ya mdomo, hupanda ubavuni mwa pua hadi pembe ya ndani ya jicho, na huko hukutana na matawi ya ateri ya jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa huziba njia ya damu, na ngozi iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Ikisukumwa kwa nguvu yaweza kurudi nyuma mpaka jichoni, na mtu akapofuka papo hapo. Sehemu za hatari zaidi ni pua na kati ya nyusi. Tena mishipa hii haipiti njia ile ile kwa kila mtu. Ndiyo maana hata daktari aliyesomea kazi hii hudunga kidogo kidogo, polepole, huku akiitazama ngozi na kumwuliza mgonjwa anajisikiaje.

Sisemi kuwa fila zote ni sumu. Zile za asidi ya hayaluroniki zilianza kukubaliwa nchini Marekani mwaka 2003, na ipo dawa ya kuziyeyusha iitwayo hayaluronidesi. Lakini silikoni ya maji haiyeyuki, na mamlaka ya dawa ya Marekani haijaikubali itumike kujaza uso. Je, mtu aliyedungwa kutoka kichupa kisicho na lebo, daktari atamsaidiaje?

Hatari nyingine ni uchafu. Mwaka 2024 idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilitoa taarifa kuhusu wanawake walioambukizwa virusi vya UKIMWI kutokana na sindano za urembo wa uso katika saluni moja ya jimbo la New Mexico. Sindano ni sindano, iwe ya tiba au ya urembo.

Kwa hiyo nawashauri dada zangu, na kaka pia, waulize maswali matatu kabla ya kulala kitandani: Wewe ni daktari uliyesajiliwa? Ndani ya bomba hilo kuna nini? Dawa ya kuyeyusha unayo hapa? Jibu moja likikosekana, inuka uende zako. Na aliyekwisha kudungwa akiona maumivu makali, ngozi kupauka au kuwa na madoa kama wavu, au giza machoni, akimbilie hospitali saa ile ile, asingoje kesho. Kwenye ngozi nyeusi kupauka huko hakuonekani upesi, hivyo maumivu yasipuuzwe.

Mwisho, nawaomba wanaohusika na usimamizi wa dawa na saluni walitazame jambo hili kwa makini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na jicho lililopofuka hatuna ukuta wa kulijengea.

Muuguzi Mstaafu,
Morogoro.