Maarifa ya Kampuni Hayamo Kwenye Mizania

Mwenye hisa anapokwenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka huuliza gawio kwanza, madeni baadaye. Ni wachache wanaouliza kitatokea nini siku mkuu wa stoo au fundi mkongwe atakapostaafu na kuondoka na yote anayoyajua: mteja yupi huchelewa lakini hulipa, bidhaa ipi huharibika wakati wa masika, mashine ipi haiaminiki. Hasara hiyo haina mstari wake katika mahesabu. Hata kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38, kilichotolewa mwaka 1998, kinataka gharama za kuwafunza wafanyakazi ziandikwe kuwa matumizi, si mali.

Makampuni mengi yamejaribu kuziba pengo hilo kwa kufungua tovuti ya ndani, yaani ghala la kompyuta ambamo kila mfanyakazi huweka anachokijua na kuchukua anachokihitaji. Wauzaji wa programu hizo huzipigia debe sana. Tatizo ni kwamba ghala halijijazi lenyewe, na ada ya leseni hudaiwa hata likiwa tupu.

Kampuni ya Xerox ya Marekani, maarufu kwa mashine za fotokopi, ililiona hilo mapema. Katika miaka ya 1980 mtafiti wake, Julian Orr, aliwafuata mafundi kazini akagundua kuwa vitabu vya maelekezo havikuwatosha. Fundi aliyekwama alipata jibu kwa wenzake, wakati wa kahawa na chakula, wakisimuliana visa vya mashine korofi. Katika miaka ya 1990 ikaanzishwa Eureka, mfumo wa kuhifadhi mbinu hizo. Ulianzia kwa mafundi wa Ufaransa, waliotumia mtandao wa Minitel, kabla ya kuvuka kwenda Kanada na Marekani.

Mbinu haikupokelewa hivi hivi. Fundi aliiandika, wenzake wenye uzoefu wakaipima, na ilipopita iliwekwa pamoja na jina la aliyeileta. Lilipokuja suala la kulipana kwa kila mbinu, mafundi hawakulipenda. Waliona watu wangekimbilia wingi na kusahau ubora. Walichotaka ni jina lao lionekane.

Hapa ndipo mameneja wengi wanapokosea. Huagiza kila idara ijaze fomu kufikia Ijumaa, wakapata takataka. Wengine hutangaza mfumo mpya mwezi ule ule wanaopunguza wafanyakazi. Mtu anayehofia kuwa akishatoa siri za kazi yake atafungashiwa virago hataziandika, na ni vigumu kumlaumu.

Menejimenti ikijivunia mfumo wa namna hii mbele ya wanahisa, swali la bei peke yake halitoshi. Mwekezaji mdogo ana haki ya kuuliza pia ni wangapi wameandika humo mwezi uliopita, nani anahakiki yaliyoandikwa, na kama kuna tatizo hata moja la mteja lililotatuliwa kwa sababu hiyo. Majibu hayo hayahitaji mtaalamu wa kompyuta.

Mfanyabiashara mwenye duka la watu watatu hahitaji hata kompyuta. Daftari la kaunta, kila aliyeandika akiweka jina lake na tarehe, linamtosha kwa sasa.