Sindano Kwanza, Vipimo Baadaye

Juu ya kila figo ya mwanadamu imekaa tezi ndogo, yenye uzito wa gramu 4 au 5 hivi, iitwayo adrenali. Tezi hizo mbili zikiharibika, mwili hukosa kortizoli, homoni inayouwezesha kustahimili homa, jeraha, upasuaji na fadhaa kubwa. Mara nyingi hukosa pia aldosteroni, ile inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Mtu mwenye upungufu huo aweza kufanya kazi, kuzaa, kulea na kuzeeka kwa kumeza vidonge vichache kila siku. Aweza vilevile kufa katika muda wa saa chache kwa sababu ya kuhara ambako kungemlaza jirani yake kwa siku moja tu.

Kinachoamua lipi kati ya hayo litokee, mara nyingi, si ubingwa wa daktari wa hospitali ya rufaa. Ni mhudumu wa kwanza anayempokea mgonjwa huyo alfajiri, katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani kwake, na kama mhudumu huyo yu tayari kuamini anachoambiwa.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, ambaye ugonjwa wake umekwisha kuthibitishwa na ambaye hubeba kadi yenye jina la ugonjwa na dawa zake. Usiku mmoja anaanza kutapika. Vidonge vya asubuhi anavimeza, navyo vinatoka. Mumewe anamfikisha kituoni akiwa amelegea, mikono imepoa, maneno yanatoka kwa shida. Kadi inatolewa mkobani. Jibu linalotolewa ni la upole: "Subiri kidogo mama, tupime malaria kwanza." Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Inafuata kupima mkojo, kisha damu. Presha iko chini, basi anatundikiwa dripu ya glukosi. Mtu anauliza kama si vidonda vya tumbo. Kadi imerudishwa mkobani.

Hapana katika mlolongo huo aliyefanya jambo kwa nia mbaya. Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ingempatia mwanafunzi wa uuguzi alama nzuri. Kosa limo katika mpangilio. Mgonjwa mwenye upungufu wa adrenali anayetapika, au aliyezidiwa kwa homa au jeraha, ahitaji haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, au kwenye msuli endapo mshipa haupatikani upesi. Kwa mtoto kipimo hupunguzwa kulingana na umri au ukubwa wa mwili. Pamoja na sindano hiyo huhitajika maji ya chumvi ya mishipa, kwa mtu mzima lita 1 katika saa ya kwanza, kwa kuwa mwili wake umepoteza chumvi na maji kwa pamoja. Glukosi huongezwa ikiwa sukari imeshuka, lakini maji ya glukosi peke yake hayatoshi. Baada ya hapo hupewa haidrokotisoni miligramu 200 katika saa 24, kwa mfano miligramu 50 kila baada ya saa 6. Damu ya vipimo yaweza kuchukuliwa katika dakika ileile ya kuchoma sindano. Majibu yake ndiyo yanayoweza kusubiri.

Huenda likatolewa pingamizi kwamba mhudumu hawezi kutoa dawa kwa kuwa tu mgonjwa ameiomba. Wako watu wanaoomba sindano wasizozihitaji, na wako waliojipachika magonjwa waliyoyasikia kwa majirani. Pingamizi hilo lina uzito katika mambo mengi, ila hapa halisimami. Miligramu 100 za haidrokotisoni, zikitolewa mara moja kwa mtu ambaye hakuzihitaji, kwa kawaida hazimdhuru kwa namna ya kuogopesha. Kichupa hichohicho huchomwa wagonjwa wa pumu iliyokaza, wala hakuna anayetetemeka. Kumnyima anayezihitaji huweza kuwa mauti. Penye mizani iliyoinama upande mmoja kiasi hicho, kusitasita hakuwezi kuitwa uangalifu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mgonjwa wa aina hii huujua mwili wake kuliko wengi wa wanaomhudumia. Ugonjwa wake ni wa nadra. Mganga wa zahanati aweza kumaliza utumishi wake akiwa amewaona wachache mno, wakati mgonjwa ameishi nao usiku na mchana kwa miaka. Asemapo, "Naanza kuzidiwa, nahitaji sindano," anatoa taarifa ya kitaalamu.

Si ajabu kwamba ugonjwa wenyewe huchelewa kutambuliwa. Dalili huanza pale sehemu kubwa sana ya tezi, zaidi ya asilimia 90 ya gamba lake, imekwisha kuharibika, nazo zafanana na za maradhi mengine mengi: uchovu usiokwisha, kukonda, kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kizunguzungu wakati wa kusimama, hamu ya kula chumvi. Vitabu husisitiza kukoza kwa rangi ya ngozi, na katika nchi zenye watu weupe ishara hiyo huonekana upesi. Kwa Mwafrika mambo ni magumu zaidi, kwa sababu fizi nyeusi na mistari myeusi ya viganja ni vitu vya kawaida kwa watu wengi wazima wa afya. Linalofaa kuulizwa ni kama rangi imebadilika. Ndugu wa karibu huwa na jibu kabla ya mgonjwa mwenyewe, na picha ya mwaka juzi iliyomo kwenye simu yaweza kuwa msaada mkubwa. Makovu mapya yaliyokoza kuliko ngozi inayoyazunguka, na madoa ya hivi karibuni ndani ya mashavu, ni ya kutiliwa maanani.

Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na kifua kikuu kilikuwa chanzo kikubwa miongoni mwa wagonjwa aliowaandika. Katika nchi tajiri nafasi hiyo sasa imeshikwa na kinga ya mwili kuzishambulia tezi zake yenyewe. Mahali ambapo kifua kikuu na VVU vingali vimeenea, maneno ya Addison hayajapitwa na wakati. Na hapa pana mtego ambao kliniki za kifua kikuu haziutaji vya kutosha. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya miezi 6, hulifanya ini livunje kortizoli kwa kasi zaidi. Mtu ambaye tezi zake zilikuwa zimedhoofika kimyakimya huweza kuzidiwa majuma machache baada ya kuanza dawa, na watu wakadhani kwamba ni kifua kikuu chenyewe kinachomshinda. Aliyekwisha kutambuliwa kuwa na upungufu wa adrenali naye huhitaji dozi yake ipandishwe, pengine mara mbili au tatu, kwa muda wote wa kutumia rifampisini.

Kabla ya kotisoni kuanza kutumika kama dawa mwishoni mwa miaka ya 1940, aliyeambiwa ana ugonjwa wa Addison aliambiwa kwa hakika kwamba atakufa. John F. Kennedy aligunduliwa kuwa nao akiwa London mwaka 1947, na akaja kuwa rais wa Marekani mwaka 1961, ingawa umma haukuelezwa ukweli wa afya yake. Dawa iliyobadilisha hali hiyo si ya ajabu. Wengi hutumia haidrokotisoni miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, fungu kubwa likimezwa mara tu baada ya kuamka, kwa kuwa ndivyo mwili wenye afya unavyoitoa kortizoli. Wale waliokosa aldosteroni huongezewa fludrokotisoni. Vidonge vya haidrokotisoni havipatikani kwa urahisi katika maduka mengi ya dawa ya Afrika Mashariki, licha ya Shirika la Afya Duniani kuviweka katika orodha yake ya dawa muhimu, na hilo ni deni la wanaoagiza dawa. Predinisoloni, iliyo ya bei nafuu na yenye kuenea hadi vijijini, huweza kushika nafasi yake kwa dozi ndogo ya miligramu 3 hadi 5, chini ya uangalizi wa daktari.

Neno predinisoloni, hata hivyo, limebeba sifa mbaya mitaani. Watu wameona nyuso zilizovimba, mifupa iliyovunjika, sukari iliyopanda. Basi shangazi humwonya mgonjwa kwa mapenzi yote: "Mwanangu, hizo dawa zitakumaliza, ziache." Naye huacha. Kumbe madhara hayo ni ya dozi kubwa zilizotumika kwa muda mrefu kutuliza magonjwa mengine. Mwenye upungufu wa adrenali hurudishiwa tu kile ambacho mwili wake ungekitoa wenyewe, mfano wa mtu anayelipwa deni lake na si anayepewa mkopo. Mtoa dawa asiyetumia dakika 5 kuieleza tofauti hiyo, mbele ya mgonjwa na ndugu anayepika na kuuguza, asishangae mgonjwa akirudi amebebwa.

Kuishi na hali hii kila siku kuna hesabu zake. Homa ikipanda, dozi huongezwa mara mbili au tatu mpaka homa ipite, kisha hurudishwa ilivyokuwa. Akitapika au kuharisha sana, kidonge hakitegemewi tena, ni sindano. Kabla ya upasuaji na wakati wa uchungu wa kujifungua timu yote yapasa kujua. Afanyaye kazi juani akitoka jasho jingi huhitaji chumvi zaidi. Mwezi wa Ramadhani huleta swali zito: dozi ya haidrokotisoni haidumu kutoka daku hadi futari, na kiu pamoja na upotevu wa chumvi huongeza hatari. Aliyewahi kuzidiwa mara kwa mara hashauriwi kufunga, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Mwingine aliyetulia azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, asijipangie mwenyewe.

Zaidi ya wagonjwa hao wa nadra lipo kundi kubwa zaidi lisilojijua. Ni watu ambao tezi zao hazikuharibika, bali zimelala kwa sababu mwili umekuwa ukipokea steroidi kutoka nje. Predinisoloni ya zaidi ya majuma 3 au 4, kwa dozi inayozidi ile ambayo mwili hujitengenezea, yatosha kuzilaza, na kuamka kwake huweza kuchukua miezi, hata mwaka. Humo wamo wagonjwa wa pumu, wa baridi yabisi na wa figo, waliopewa dawa hospitalini wasielezwe kwamba haiachwi ghafla. Wamo pia wanaopaka mkorogo wenye klobetasoli mwili mzima kwa miaka, na wanaomeza deksamethasoni iliyouzwa sokoni kama dawa ya kunenepesha. Siku krimu inapokosekana dukani, au mchumba anapomtaka aache, mtu huyo huanguka na hakuna anayehusisha mambo hayo mawili. Swali kwake laweza kuulizwa bila kumwaibisha: "Dada, kuna krimu au vidonge ulivyokuwa ukitumia, ukaacha karibuni?" Likiulizwa kwa sauti ya hukumu, jibu litakuwa hapana.

Kinachopendekezwa hapa hakingoji bajeti mpya. Kila anayeandikiwa haidrokotisoni ya kudumu, au steroidi ya zaidi ya majuma 3, aondoke na kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Maneno yake yawe amri na si maelezo: ANA UPUNGUFU WA ADRENALI. AKITAPIKA AU KUZIRAI, MCHOME HAIDROKOTISONI MILIGRAMU 100 SASA HIVI, MPE MAJI YA CHUMVI, KISHA PIMA. Chini yake iwe sahihi ya daktari na muhuri wa hospitali, kwa kuwa muhuri husikilizwa mahali ambapo mgonjwa hasikilizwi. Mwenye upungufu wa kudumu apewe pia kichupa cha sindano, maji ya kuchanganyia na bomba la sindano, akae navyo nyumbani, na ndugu wawili wafundishwe kuchoma kwenye paja. Wawili, kwa sababu mmoja huenda akawa safarini. Vituo vya afya kwa upande wao vibandike maneno hayohayo kwenye ukuta wa chumba cha mapokezi, karibu na mashine ya presha, mahali ambapo macho ya muuguzi wa zamu ya usiku hupita kila mara, na kichupa kimoja kisitoke katika kabati la dharura bila kingine kuingia.

Mwalimu wa mfano uliotangulia hakuhitaji gari la wagonjwa wala mtaalamu kutoka jijini. Haidrokotisoni ilikuwa katika kabati la kituo, hatua chache kutoka benchi alipoketi, ikiwangoja watu wa pumu.