Amerudi nyumbani, lakini usingizi haujarudi

Agosti 2008, Mtanzania Suleiman Abdullah Salim, mvuvi, aliachiwa huru nchini Afghanistan akiwa na karatasi mkononi. Karatasi ilieleza kuwa imebainika si tishio kwa majeshi ya Marekani. Basi. Alikamatwa Mogadishu Machi 2003, akaishia mikononi mwa Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA), na zaidi ya miaka mitano ikapotea bila shtaka hata moja.

Mwaka 2015, yeye, mwenzake mmoja na familia ya mfungwa aliyefia kizuizini waliwashtaki huko Marekani wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mateso hayo. Agosti 2017, wiki chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, pande zote zilielewana nje ya mahakama. Habari nyingi ziliishia hapo. Ukurasa huu ni wa familia, kwa hiyo tuendelee mpaka nyumbani, maana Salim alirudi Zanzibar, akaishi na mke na binti mdogo.

Kizuizini aliwekwa kwenye giza, muziki ukipigwa kwa sauti kubwa usiku na mchana. Alinyimwa usingizi, akamwagiwa maji ya baridi, akafungiwa ndani ya kisanduku. Daktari aliyemchunguza baadaye alimkuta na kiwewe pamoja na sonona. Kiwewe si woga wala udhaifu wa imani. Ubongo umejifunza kwamba kitasa kikilia, kuna kipigo kinakuja, na mtu akifika nyumbani somo hilo halifutiki kwa sababu tu kitasa sasa ni cha mlango wa mama yake.

Sasa fikiria mitaa yetu. Umeme unakatika saa mbili usiku. Baa ya jirani inafungulia spika. Kwa wewe ni kero. Kwa mtu aliyekaa gizani akipigiwa muziki, moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, huenda akafoka au akatoka nje. Weka taa ya chaji chumbani kwake. Akipiga kelele usingizini, usimtikise. Simama hatua chache, mwite jina, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Mlango ubaki wazi kama ndivyo anavyotaka, hata kama mbu wataingia. Chandarua kipo.

Halafu kuna wageni. Kwa desturi yetu mtu akirudi, mtaa mzima unakuja kumpa pole, na kila mmoja anataka asimuliwe mwanzo mpaka mwisho. Mimi naona hapa tunakosea. Kulazimishwa kusimulia mateso kunaweza kumrudisha kulekule. Atakapotaka kusema, atasema, pengine kwa mtu mmoja tu, pengine miaka mitatu baadaye.

Gumu zaidi ni lile linalosemwa akiwa hayupo: lisemwalo lipo. "Wamarekani wangemshika bure?" Karatasi kama ile ya Salim haimsafishi mtu mbele ya majirani, na yeye mwenyewe hana nguvu ya kujitetea kila siku kisimani na kijiweni. Kazi hiyo ni ya ndugu. Mjomba mmoja mwenye heshima akisema waziwazi msibani au harusini kwamba kijana wetu hakushtakiwa wala hakuhukumiwa, amemsaidia kuliko dawa ya usingizi.

Na watoto? Nazanin Zaghari-Ratcliffe, raia wa Uingereza na Iran, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Tehran Aprili 2016 akiwa na binti yake ambaye hajatimiza hata miaka miwili. Alituhumiwa kupanga njama dhidi ya serikali, jambo alilolikana siku zote. Mtoto alilelewa na bibi na babu huko Iran, akasahau Kiingereza, lugha ya baba yake. Alirudi kwa baba London Oktoba 2019. Mama aliachiwa Machi 2022, mtoto akiwa na miaka 7.

Hebu hesabu mwenyewe: mama anakumbuka mtoto wa kubebwa, anakutana na mwanafunzi. Mtoto naye ana utaratibu wake, anajua nani humpeleka shule na nani humpikia. Usimshurutishe akumbatie. Usimpokonye bibi aliyemlea kwa siku moja. Mpe mzazi aliyerudi jambo moja dogo la kila siku, kumsuka nywele au kukagua daftari, likae lake. Mtoto akiuliza, mwambie ukweli unaolingana na umri wake: "Baba alifungwa, na hakufanya kosa." Ukimwambia alikuwa kazini, atausikia ukweli kwa watoto wa jirani.

Ndoto mbaya, hasira za ghafla au kujitenga vikizidi mwezi mmoja, nendeni hospitali. Akizungumzia kufa, nendeni siku hiyohiyo. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu, Dar es Salaam ipo Muhimbili, na kwingine anzeni hospitali ya wilaya. Najua jina la Kidongo Chekundu hutumiwa kwa mzaha mitaani. Yako matibabu ya mazungumzo na dawa, na wengi hupata nafuu. Mwenzi wake naye aonwe na daktari, maana usiku ule wote alikuwa macho.