Saa Moja Kabla ya Kisu

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo hutimia kwa ukatili katika chumba cha upasuaji, pale goti lililochakaa linapoondolewa na kuwekwa la bandia. Ufa huzibwa kwa dozi ya antibiotiki inayotolewa kabla kisu hakijagusa ngozi. Ukuta ni upasuaji wa pili na wa tatu, miezi ya kulala kitandani, madeni, na mara nyingine mguu wenyewe kukatwa.

Nitaanza na sayansi, kwa kuwa siasa ya jambo hili imesimama juu yake. Kinga ya mwili husafiri kwa damu, nalo goti la chuma na plastiki halina mishipa ya damu. Bakteria wachache wa ngozi, ambao mwili ungewaangamiza kwa urahisi kwingineko, wakinata kwenye chuma hicho hujijengea utando unaowakinga dhidi ya mwili na dawa pia. Katika nchi zenye takwimu za kuaminika, maambukizi haya huwapata takriban wagonjwa 1 hadi 2 katika kila 100. Idadi ni ndogo, lakini kwa anayeangukiwa ni balaa.

Kwa hiyo swali kuu ni lini dawa itolewe. Mwaka 1961, John Burke wa Boston alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba antibiotiki hukinga ikiwa imeshafika kwenye nyama bakteria wanapoingia. Ikichelewa saa tatu, haifui dafu. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 2,847 wa upasuaji huko Utah, Marekani. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya kupasuliwa walipata maambukizi kwa asilimia 0.6. Waliopewa zaidi ya saa tatu baada ya kisu kuanza walipata kwa asilimia 3.3, na waliopewa mapema mno, asilimia 3.8. Dawa ni zilezile. Kilichotofautiana ni saa.

Kwa upasuaji wa goti, kanuni ya kawaida ni gramu 2 za sefazolini ndani ya dakika 60 kabla ya kupasua, na kabla ya kufunga mkanda unaozuia damu pajani, maana ukishafungwa dawa haina njia ya kufika gotini. Upasuaji ukipita saa nne, dozi hurudiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilisema bayana kwamba dawa ya kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Hata wanaoruhusu iendelee kwa viungo bandia, kwa kawaida hawavuki saa 24.

Pamoja na hayo, mazoea ya kumpa mgonjwa dawa za siku tano au saba baada ya upasuaji bado yana mizizi. Hoja ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba vyumba vyetu vya upasuaji si safi kama vya Ulaya, hivyo tuongeze siku. Hofu hiyo naielewa, lakini hitimisho lake silikubali. Kidonge cha siku ya nne hakisafishi hewa wala hakichemshi vyombo. Humwacha aliyepaswa kusafisha na kuchemsha adhani kwamba amefidiwa. Tena hulea usugu wa dawa, ambao ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019.

Wala mabadiliko si ndoto. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Thika, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kabla ya sera mpya karibu dawa zote zilitolewa baada ya upasuaji. Sera ilipowekwa na kusimamiwa, dawa zikahamia kabla ya kisu, na matumizi ya baada yakapungua sana. Hospitali haikusubiri jengo jipya.

Ndiyo maana naliita suala hili la utawala. Daktari mpasuaji hudhani muuguzi ameshatoa dawa, muuguzi hudhani ni kazi ya mtaalamu wa usingizi, mgonjwa amelala. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, ina swali linalohusu jambo hili hasa: je, antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Karatasi ikijazwa jioni, kazi ikiwa imekwisha, swali hilo halimlindi mtu.

Mtumishi wa umma anayeagiza dawa ahakikishe sefazolini haikosekani, ili seftriaksoni, ambayo Shirika hilo limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa tahadhari, isiwe kimbilio la kila siku. Mkuu wa hospitali ataje kwa jina cheo chenye wajibu wa kutoa dozi na kuandika saa yake. Mwanaharakati adai takwimu za maambukizi zitangazwe hadharani. Nawe mwanafunzi wa udaktari, ukiwa mdogo kuliko wote chumbani, uliza kwa heshima kama dawa imeshatolewa. Mgonjwa aliyeuza ng'ombe wake ili atembee tena hawezi kuuliza.