Springi za Motokaa na Mgongo wa Mfanyakazi



Mwezi huu twaweka kando habari za mishahara ili tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza langoni na ndani ya matatu, yaani springi za motokaa. Wenzetu wengi wa Kilifi na Malindi wamekopa pesa za ushirika wakanunua Probox zilizokwisha tumika Japani, na wengine ni madereva wa Hiace za watu. Pesa hizo ni jasho. Si haki kuzimwaga gereji bila kufikiri.

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Behewa la abiria na behewa la mizigo hupita juu ya reli zile zile, lakini springi zake si sawa. La abiria lina springi laini, kwa maana mzigo wake haubadiliki sana. La mizigo lina springi ngumu, kwa sababu hubeba tani nyingi. Na likirudi tupu hurukaruka. Kila mtu wa karakana ajua ya kwamba behewa tupu huacha reli upesi kuliko lililojaa. Motokaa ni vivyo hivyo. Kabla hujauliza springi ipi ni nzuri, jiulize wabeba nini siku nyingi za juma.

Nasema haya kwa kuwa yamenipata mwenyewe. Nilipopata Probox yangu, fundi mmoja alinishauri niiinue kwa vile vipande viitwavyo speisa, tena nitie springi ngumu nyuma, ati kwa ajili ya njia ya kwenda Ganze. Nikakubali, na kusema kweli niliipenda sura yake. Juma la kwanza nilibeba mawe ya kujengea, ikaenda vizuri kabisa. Lakini mawe si ya kila siku. Siku nyingine tulikuwa mimi, mke wangu na kikapu cha samaki, na kila tuta toka Vipingo mpaka Kilifi lilinipiga kiunoni. Halafu siku moja ya mvua, karibu na njia panda ya Takaungu, nilifunga breki na nyuma ikateleza kama ngalawa, kwa maana gurudumu linalorukaruka halishiki lami. Mama mkwe hakupanda tena. Alisema afadhali bodaboda.

Springi hubeba uzito. Shoki huizuia springi isiendelee kucheza. Watu wengi hununua springi mpya hali shoki ndizo zilizokufa. Bonyeza pembe ya motokaa kwa nguvu, kisha uachilie. Ikipanda na kutulia, shoki ni nzima. Ikiendelea kucheza, au ukiona mafuta yamevuja, imekwisha. Badilisha mbili mbili, kulia na kushoto. Na kabla ya hayo yote tazama upepo wa mipira kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva, kisha tazama bushi. Motokaa nyingi zapona hapo.

Mwenye kubeba watu siku nyingi abaki na springi kama zile za kiwandani, atie shoki za gesi zilizo kavu kidogo. Katika njia mbovu shoki ya mafuta hupata moto, mafuta yakafanya povu, nayo ikalegea. Ya gesi hustahimili zaidi. Hivyo kona itashikika na mgongo hautaumia. Mwenye kubeba magunia ya chumvi kila siku toka Gongoni aweza kuongeza ugumu wa nyuma kidogo, na shoki ziwe za kulingana nao. Lakini springi ngumu haiongezi nguvu ya breki wala ya ekseli. Speisa nazo huinua motokaa tu, ikalala zaidi kwenye kona. Na sisi wa pwani tuoshe chini kwa maji baridi, kwa maana hewa ya bahari hula chuma.

Kuna tajiri anayeongeza jani la springi kwenye Hiace ili ajaze watu kupita viti, ingawa kanuni za Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilikataza. Anayeketi juu ya ugumu huo kutwa ni dereva, na mtikiso wa miaka huharibu uti wa mgongo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi kazini, na kazini kwa dereva ni kile kiti chake. Makatibu wa matawi walitie jambo hili katika mazungumzo: shoki zikaguliwe pamoja na breki, na gharama iwe ya mwenye motokaa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya mkutano wa tawi, mwenye motokaa na ailete uwanjani. Tutazibonyeza pembe zake moja moja. Yangu itakuwapo, speisa nimekwisha zitoa.